Mama Asha Yupi?

Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, na niliyasema mbele ya watu saba: "Kerneli haidanganyi."

Ilikuwa 2022, Dar es Salaam, asubuhi ya jasho na kikao kisichokuwa na chai. Usiku uliotangulia umeme ulikatika. Jenereta liliwaka kama kawaida yake, lakini kiyoyozi cha chumba cha seva hakikurudi, na kufikia alfajiri seva mbili zilikuwa zimejizima zenyewe kwa joto. Pale kazini, ambapo sitapataja, palikuwa na programu ndogo ya kutoa tahadhari. Aliiandika kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, akabakizwa kwa mkataba wa miezi sita kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi. Kila baada ya sekunde 10 programu yake ilisoma joto kutoka kwenye chipu iliyo juu ya ubao mama, na joto likivuka kiwango ilituma SMS kwa watu watatu. Usiku ule hakuna simu iliyolia. Swali la kikao likawa moja: programu ya dogo ilikuwa inasoma joto kweli, au ilikuwa inasoma joto hewa?

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupata jibu. Sikusoma msimbo wake. Nilikuwa na kitu ninachokiamini kuliko msimbo wa mtu yeyote: uwezo wa kuiuliza kerneli yenyewe. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, kwetu sisi Linux, na hakuna programu inayoweza kupata faili, mtandao wala joto la chipu bila kupitia humo. Kama programu ya dogo inasoma joto, lazima kila baada ya sekunde 10 kerneli ifanye kazi fulani kwa niaba yake, na kazi hiyo ina jina. Nilichungulia draiva ya chipu ile, nikaona fanksheni inayojibu swali la joto inaitwa temp_show. Nikaweka mtego kwenye temp_show, nikakaa nusu saa, nikahesabu.

Sifuri.

"Kaka," dogo alisema, "mimi naona namba zinabadilika. Mchana zinapanda, usiku zinashuka."

"Zinabadilika wapi? Kerneli inasema haijaulizwa joto hata mara moja. Kerneli haidanganyi."

Alinyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza pia. Utabishana vipi na sifuri iliyotoka ndani kabisa ya mashine, mbele ya mabosi wasiojua sifuri hiyo imetoka wapi ila wanajua imeletwa na mtu mwenye miaka tisa kazini? Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Wiki mbili baada ya kikao mhasibu aligundua kwamba salio la SMS za jumla lilikuwa limekwisha siku nne kabla ya umeme kukatika. Nilisikia, nikasema hiyo ni hitilafu ya pili, tofauti na ile ya kwanza.

Hitilafu ya kwanza haikuwepo.

*

Niwaeleze mtego huo unavyofanya kazi, maana ugomvi wangu umo humo humo.

Utaratibu wenyewe unaitwa kprobes, na uliingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6.9, mwaka 2004. Katika umbo lake la asili ni kitu cha kupendeza kwa wepesi wake. Unachagua mahali ndani ya kerneli inayoendelea kufanya kazi, na kwenye mashine za Intel na AMD baiti ya kwanza ya amri iliyopo hapo inabadilishwa kuwa 0xCC, yaani simama. Prosesa ikikanyaga inasimama, mtego unaandika kwamba fulani amepita, kisha prosesa inatekeleza amri ya zamani na kuendelea na safari. Seva haizimwi, msimbo haukusanywi upya, na wateja hawajui kitu. Mtu aliyewahi kutafuta hitilafu kwa kuongeza mistari ya kuchapisha na kuwasha mashine upya mara 20 ataelewa kwa nini wengine wetu tunaupenda mtego huu kama watu wanavyopenda gari la kwanza.

Lakini mtego hauishi kwenye jina. Unaishi kwenye anwani, na anwani ni namba ndefu inayoanza na msururu wa herufi f, isiyokaririka. Isitoshe, tangu 2017 kerneli hujipanga upya kwenye kumbukumbu kila seva inapowashwa, kama mpangilio wake wa kawaida, ili wavamizi wasijue vitu vimekaa wapi. Kwa hiyo namba ya jana leo haifai. Ndiyo maana sisi binadamu tunataja jina, na zana inatutafutia anwani. Inafungua daftari la majina, ambalo nawe unaweza kulisoma kwenye faili liitwalo /proc/kallsyms: anwani, herufi moja ya aina, jina. Maelfu kwa maelfu ya mistari. Zana inashuka nayo, inapata jina, inachukua namba iliyo pembeni, inatega.

Na hapo ndipo pa Mama Asha.

Kila aliyekulia Dar anajua namna ya kumwelekeza mgeni kabla ya vibao vya anwani za makazi havijabandikwa milangoni. Shuka kituoni, ingia kichochoro cha mwembe, ulizia kwa Mama Asha. Kazi yote ya kumfikisha mgeni imo kwenye neno ulizia, kwa sababu mtaa una akina Mama Asha watatu, na kila unayemuuliza atakurudishia swali: Mama Asha yupi? Wa maandazi au wa mashine ya kusaga? Swali hilo si usumbufu. Ndilo linalozuia mgeni asigonge mlango usio wake.

Kerneli nayo ina akina Mama Asha, na si kwa bahati mbaya. Imeandikwa kwa lugha ya C, ambamo fanksheni ikitangazwa kuwa ya ndani ya faili lake tu, faili la jirani ni huru kutumia jina hilo hilo bila ugomvi. Kompaila haichanganyikiwi, kwa kuwa yenyewe inajua iko kwenye faili gani. Matokeo yake mtu anayeandika draiva ya kipimajoto anaita fanksheni yake temp_show kwa sababu inaonyesha joto, na mwingine wa chipu nyingine naye vivyo hivyo, na mtu wa sehemu ya kerneli inayosimamia joto la mashine kwa jumla naye vivyo hivyo. Kuna name_show nyingi zaidi. Hakuna aliyekosea. Majina hayo yalikusudiwa kuitwa ndani ya nyumba, na sisi wenye zana za ufuatiliaji ndio tuliokuja kuyaita barabarani.

Basi unaposema "nitegee temp_show", swali la haki ni moja tu. Na kwa karibu miaka 14 zana haikuuliza. Faili la kprobe_events, ambalo mtu anaandikia jina na mtego unawekwa, lilikuja na toleo la 2.6.33 mwanzoni mwa 2010. Tangu hapo, ukitaja jina lenye wenyewe wengi, kerneli ilichukua wa kwanza iliyekutana naye daftarini, ikatega kwake, ikarudi na jibu la mafanikio. Haikuonya wala kukutajia idadi. Na utafutaji ulianza na kerneli yenyewe ndipo uende kwenye moduli zilizopakiwa baadaye. Kwa hiyo temp_show ya usimamizi wa joto wa jumla, iliyomo ndani ya kerneli, iliishinda temp_show ya draiva yangu iliyokuja kama moduli. Itaishinda kila siku, kwenye kila seva yenye mpangilio kama wetu. Mtego wangu ulikaa nusu saa kwenye mlango ambao programu ya dogo haikuwa na sababu ya kuupita.

Sifuri ile ilikuwa ya kweli kabisa. Ilikuwa inamhusu mtu mwingine.

*

Nilijua haya mwaka 2024, na niliyajua kwa kukaripiwa.

Seva ile ile ilihamishiwa Ubuntu 24.04, yenye kerneli 6.8. Nilikuwa na skripti yangu ya zamani ya mitego, ile ya siku ya kikao, na nikaiendesha kwa shughuli nyingine kabisa. Ikakataa. Ujumbe ulisema, kwa Kiingereza cha mashine, kwamba anwani iliyoombwa haiwezi kutolewa.

Acha nicheke kidogo kabla ya kuendelea. Ujumbe huo kila fundi wa mitandao anaufahamu: ndio unaoupata ukitaka seva isikilize kwenye anwani ya IP ambayo mashine haina. Nilipoteza robo saa nikikagua kadi ya mtandao. Kwamba zana, ilipopata hatimaye ujasiri wa kusema "sijui unamtaka yupi", iliazima msemo wa watu wa mitandao kuyasema hayo, ni jambo linalonionyesha kwamba waliouandika hawakumfikiria sana atakayeusoma saa 8 usiku. Maelezo ya maana yalikuwa kwenye faili lingine, error_log, na yalikuwa mafupi: jina hilo si la mmoja.

Nikatafuta temp_show kwenye daftari. Mistari miwili. Wa kwanza hauna kitu mbele yake. Wa pili umefuatiwa na jina la moduli kwenye mabano ya mraba, na moduli hiyo ilikuwa draiva ya chipu yetu.

Nilikaa nikiangalia mistari ile miwili kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Baadaye nilisoma historia ya badiliko hilo. Liliingia kwenye kerneli 6.6, iliyotoka Oktoba 2023. Ni badiliko dogo: kabla ya kutega, hesabu ni wangapi wenye jina hili, wakizidi mmoja, kataa. Mistari michache ya C. Kwenye hatua za kwanza lilisahau hata kuhesabu majina ya moduli, likarekebishwa. Ningependa kusema kwamba lilichelewa kwa sababu lilikuwa gumu, au kwa sababu hakuna aliyelifikiria. Yote mawili si kweli, na hiki ndicho kinachonichoma.

Ndani ya kerneli hiyo hiyo kuna utaratibu mwingine wa kubandika viraka kwenye mfumo unaoendelea kufanya kazi, yaani kubadilisha fanksheni yenye kasoro ya usalama bila kuzima seva. Nao hutafuta fanksheni kwa jina. Nao ulikutana na akina Mama Asha. Na tangu toleo la 4.5, mwaka 2016, anayeandika kiraka anaweza kueleza anamtaka wa ngapi kati ya wenye jina hilo. Asipoeleza, jina lazima liwe la mmoja tu, na likiwa la wengi kiraka kinakataliwa. Tatizo lile lile, daftari lile lile, zaidi ya miaka saba kabla. Kwa viraka walisema: haiwezekani kubahatisha, tutaharibu mashine ya mtu. Kwa mitego waliendelea kubahatisha.

Nadhani sababu inaeleweka, na ndiyo ninayoipinga. Kiraka kikienda kwenye fanksheni isiyo yake, seva inaanguka, na anguko lina kelele. Mtego ukienda kusikohusika hakuna kinachoanguka. Kinachotoka ni namba isiyo sahihi, na namba isiyo sahihi haipigi kelele. Inakaa kimya kwenye skrini ikisubiri mtu mwenye cheo aisome kwa sauti. Anayevunjika si mashine. Waandishi wa zana wamezoea kupima madhara kwa kile kinachoizima mashine, na kwa kipimo hicho mtego wangu wa 2022 haukumdhuru yeyote.

*

Nimewahi kuyasema haya mbele ya mafundi wenzangu, na najua wanajibu nini.

Jibu la kwanza: kprobes ni chombo cha wajuzi, na mjuzi angekagua. Ni kweli ningeweza. Kuna faili, kprobes/list chini ya saraka ya utatuzi, linaloonyesha kila mtego umekaa anwani gani, na kwa mtego ulio ndani ya moduli linataja moduli. Ningelifungua ningeona jina la moduli halipo, na ningeshtuka. Sikulifungua. Hilo ni langu na nalibeba. Lakini tazama hoja hii inataka nini: zana inajua imetega wapi, inajua kulikuwa na wengine wenye jina hilo au ingeweza kujua kwa kuhesabu, inaamua kutosema, kisha anayeulizwa kwa nini hakujua ni mimi. Bodaboda aliyeacha mzigo kwa Mama Asha asiye wake hawezi kujitetea kwamba mteja alikuwa na uhuru wa kumfuata kwa nyuma.

Jibu la pili: majina ya ndani ya kerneli si ahadi. Fanksheni inaweza kufutwa kesho, kubadilishwa jina, kuhamishwa. Anayeweka mtego humo anajitakia. Nalikubali lote, na mifano ninayo. Zana nyingi za kupima muda ambao programu hukaa nje ya prosesa zilitega finish_task_switch. Siku moja kompaila, katika kuboresha, ikaipunguzia fanksheni hiyo mizigo na kuipa jina finish_task_switch.isra.0, na zana zikapofuka. Leo ukifungua msimbo wa zana za BCC utakuta zinatafuta jina hilo kwa mchoro unaokubali mkia na unaokosa mkia. Zana za kupima diski zilitega blk_account_io_start, ikamezwa ndani ya wanaoiita na pacha wake mwenye mistari miwili ya chini mbele akabaki, wakatega pacha, naye baadaye akawa hapatikani kwenye kerneli nyingine. Mwaka 2023 ndipo wenye kerneli walipoongeza vituo rasmi vya ufuatiliaji mahali pale. Sawa. Lakini angalia tofauti. Katika visa hivyo jina lilitoweka, zana ikasema halipo, watu wakakasirika, wakatengeneza. Jina lililotoweka ni usumbufu. Silalamiki juu ya ahadi ambayo hawakuitoa. Nalalamikia jibu la "ndiyo" ambalo walilitoa.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito: kama ungetumia taarifa za utatuzi usingepotea. Kweli tena. Amri ya perf probe, ikipewa taarifa hizo ambazo kompaila huziandika pembeni, inajua kila fanksheni imetoka faili gani na mstari gani. Napenda inavyoandika mtego wake: haitaji jina la fanksheni kabisa, inataja _text, mwanzo wa kerneli, halafu kujumlisha namba. Yaani nyumba iliyo hatua kadhaa baada ya msikiti. Msikiti ni mmoja, hatua zinahesabika, hata mtaa ukihamishwa wote usiku kucha hatua hazibadiliki. Ni maelekezo bora kuliko ya Mama Asha. Tatizo ni kwamba taarifa hizo ni mamia ya megabaiti kwa kila toleo la kerneli, na seva nyingi nilizowahi kugusa hazina, na anayezihitaji anazihitaji saa ile mtandao umekuwa wa bando la simu lililounganishwa kwa waya. Zana inayosema kweli kwa wenye intaneti nzuri pekee, na kwa wengine ikabahatisha kimya kimya, haijatatua chochote. Imegawa tu watu watakaodanganywa.

Na kuna ambalo hakuna anayelijibu. Kwenye saraka ile ile ya ufuatiliaji kuna faili la set_ftrace_filter, la zana ya ftrace, nalo hupokea jina la fanksheni. Andika humo temp_show: linawasha ufuatiliaji kwa wote wenye jina hilo. Kwa miaka yote ile, nyumba moja, milango miwili, jina moja; mlango huu ukikuelewa kuwa wote, ule ukikuelewa kuwa wa kwanza, na hakuna kati ya milango hiyo iliyokuambia imekuelewaje.

*

Msidhani 6.6 imemaliza kazi. Imefunga tundu moja.

Fanksheni fupi kompaila huimeza: badala ya kuiita, inanakili mwili wake ndani ya kila anayeihitaji. Mara nyingine inaimeza kwa baadhi ya wanaoiita na kuacha nakala moja iliyosimama kwa ajili ya wengine. Hapo jina linabaki kwenye daftari, na ni la mmoja tu. Unatega, kerneli inakubali, hesabu inakuja, na hesabu hiyo ni ya waliopita mlango wa mbele. Walioimeza hawapiti mlango wowote. Utaona 40 palipokuwa na 4,000, na 40 ni hatari kuliko sifuri, kwa sababu sifuri angalau inaweza kumtia mtu wasiwasi. Perf yenye taarifa za utatuzi hutega kila mahali mwili ule uliponakiliwa. Kprobes ikipewa jina tupu haijui, wala haisemi kwamba haijui.

Halafu kuna mambo ya milango yenyewe. Mwaka 2022, toleo la 5.18 lilileta ulinzi ambao kwa kerneli zinazoutumia huweka amri ya baiti 4 mwanzoni mwa fanksheni, kibali cha kuingilia tuseme. Mtego haupaswi kukaa juu ya kibali, kwa hiyo ukisema jina tupu unasogezwa baiti 4 mbele, na kila msimbo uliokuwa ukifikiri kwamba anwani ya mtego ndiyo anwani ya jina ulilazimika kujifunza kutoa 4. Hilo lilifanywa vizuri, na watu wengi hata hawakujua. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba wakitaka wanaweza: waliona jina na anwani vimeachana, wakakaa chini wakavipatanisha kabla mtu hajaumia.

Ninachotaka si kikubwa. Zana inapotega, iseme imetega wapi: anwani, moduli, umbali kutoka mwanzo wa jina. Iseme hapo hapo, kwenye skrini, si kwenye faili ambalo mtu lazima ajue kulitafuta. Ikichapisha sifuri, ichapishe pembeni yake sifuri ya nani. Ikiwa haina namna ya kujua kama fanksheni imemezwa mahali pengine, iandike kwamba haijui. Maneno manne matano, hayaongezi uzito wa programu. Na ikikataa, ikatae kwa maneno ya shughuli hii: jina hili lina wenyewe wawili, hawa hapa, unamtaka yupi? Daftari iko nalo mkononi. Mama wa kichochoroni kwetu, ambaye hajawahi kuona C, anafanya hivyo kwa kila mgeni akiwa anageuza maandazi.

Wengine watasema nimeifanya zana ibebe dhambi yangu. Labda. Nimejiuliza sana kama ningeandika haya iwapo dogo angeajiriwa. Lakini zana hizi ndizo tunazoenda nazo kwenye vikao, na kwenye kikao hakuna anayeuliza mtego ulitegwa wapi. Wanauliza namba. Aliyeandika zana na kuamua kwamba wa kwanza daftarini anatosha alikuwa na nafasi moja, kabla yangu na kabla ya mabosi, ya kumtetea mtu asiyemjua katika mji asioujua. Ilikuwa ni gharama ya kuhesabu hadi mbili.

*

Nilimtafuta. Yuko mji mwingine, anaandika programu za hospitali, na namba yake ya simu haikuwa imebadilika. Sikujua nianzeje, kwa hiyo nilimtumia picha ya mistari miwili ya temp_show, bila neno.

Alikaa kimya dakika kama 20. Kisha akaandika: "Nilikuambia, kaka."

Nikamwandikia kwamba ndiyo, aliniambia. Nikamwandikia na mengine ambayo si ya humu.

Hakuyajibu hayo. Aliuliza: "Ile programu bado mnaitumia?"

Tulikuwa bado tunaitumia. Hakuna aliyepata muda wa kuandika nyingine. Mimi niliyesema haisomi chochote sikuwahi kuiondoa.

"Sasa hiyo kerneli mpya ukiweka jina la moduli mbele, nukta mbili, halafu temp_show, inakubali?"

Nilijaribu nikiwa naye kwenye simu. Ikakubali. Tukangoja, nikamsomea mstari wa kwanza ulipotokea, na jina la programu yake pembeni. Baada ya sekunde 10 ukaja wa pili. Baada ya 10 nyingine, wa tatu. Nikaendelea kusoma mpaka akasema inatosha, yuko kazini, atanipigia baadaye.